Miezi minne bila kulimpu: uzoefu wangu na programu ya kupitia mikono ya poka

Kwa miaka miwili nilicheza poka mtandaoni nikiamini kwamba mimi ni mtu wa tahadhari. Meza zangu ni zile za chini kabisa, blaindi (hela ya lazima wanayoweka wachezaji wawili kabla ya karata kugawiwa) ya senti 1 na senti 2 za dola, watu sita, unakaa na dola 2. Karata zikiwa za wastani nalipa senti 2 nione flopu, zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani kwa wote. Zikiwa nzuri sana nalipa senti 2 vilevile, nijifiche. Kupandisha kabla ya flopu niliona ni kujitangaza. Hela haikuniishia kwa mpigo. Ilivuja kama mchele kwenye gunia lenye tundu, na kila mwezi nikawa naongeza.

Huko ndiko kulimpu: hakuna aliyepandisha, nawe unaingia kwa kulipa blaindi kubwa tu. Mwenye kupandisha yeye anaweka mara mbili na nusu au mara tatu ya hiyo blaindi, na wanaotaka kumfuata walipe hivyo.

Aliyenisukuma ni rafiki yangu wa Mombasa, tuko naye zamu ya usiku kwenye ghala moja hapa Leeds. Jumapili moja alikaa nyuma yangu nusu saa akinitazama nikicheza, kisha akasema: "Kaka, wewe waingia kila mlango kwa kuwa kiingilio ni senti mbili. Nunua programu ya kuhesabu, uone hizo senti zako zaenda wapi."

Nikanunua. Jina la programu sitalitaja, maana kuna malalamiko nitayasema huko mbele, na zote za aina hii zinafanana kwa kazi. Nilisita sana, kwa sababu bei yake ilizidi hela yote niliyokuwa nayo kwenye akaunti ya poka. Kwa meza za senti 2 hilo ni jambo la kupima kabla hujatoa kadi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Tovuti nyingi za poka zinahifadhi kila mkono unaocheza, yaani kila mgao wa karata mpaka mwisho wake, kama maandishi ndani ya kompyuta yako. Programu inayasoma maandishi hayo, inayapanga, halafu unaiuliza maswali. Mikono yangu ya miaka miwili, kama elfu 46, ilichukua usiku kucha kuingia kwenye laptopu yangu ya zamani. Niliporudi kutoka kazini asubuhi nikaikuta inanisubiri na namba mbili juu kabisa: 41 na 6.

Namba ya kwanza ni asilimia ya mikono niliyoweka hela kwa hiari yangu, blaindi za lazima hazihesabiwi. Ya pili ni asilimia ya mikono niliyopandisha kabla ya flopu. Pengo katikati ni mikono niliyoingia kwa kufuata au kulimpu. Mchezaji imara wa meza ya watu sita huwa na namba ya kwanza kwenye ishirini na kitu, na ya pili iko karibu nayo, imeachwa pointi chache tu. Mimi pengo langu lilikuwa 35.

Nikachuja: nionyeshe mikono yote niliyolimpu nikiwa wa kwanza kuingia. Grafu ikaanza juu kushoto ikaishia chini kulia, na sikuona mwezi hata mmoja iliponyanyuka. Hapo nilizima kompyuta nikaenda kulala.

Siku ya pili nikaanza kurudia mkono mmoja mmoja. Kuna mmoja niliukumbuka vizuri kwa sababu uliniuma. Nina ree mbili, ya uru na ya shupaza, nami ndiye wa kwanza kuamua. Nikalimpu, nikitega. Wawili wakafuata, mwenye blaindi ndogo akajazia senti yake moja, mwenye blaindi kubwa akagonga meza, yaani hakuongeza kitu. Watu watano, poti (hela yote iliyo katikati ya meza) senti 10. Flopu ikaja 9 ya kopa, 8 ya kopa, 3 ya maua. Nikaweka senti 8, blaindi kubwa akanipandishia, nikampandishia tena, tukamaliza hela yote. Alikuwa na 9 na 3, jozi mbili zilizoipiga jozi yangu. Miaka yote niliuita mkono ule mkosi. Nikiutazama sasa, polepole, kitendo kwa kitendo, naona jambo jingine: mtu mwenye 9-3 angezitupa mbele ya senti 6 bila kuwaza. Mimi nilimwachia aione flopu bila kuongeza hata senti moja.

Hesabu yenyewe inajulikana. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya watu wanne zinashuka hadi kama 56. Mjuzi wa hesabu atanijibu kwamba asilimia 56 ya poti ya watu watano si haba, na kweli si haba. Tatizo ni kwamba poti hiyo ni ndogo, waliomo wamo na karata za kila namna, na mtu akikupandishia hujui kama ana jozi mbili au anatafuta kopa ya tano. Ukishinda unaondoka na senti kumi au ishirini, ukishindwa unaondoka na dola 2 pungufu.

Kilichonifungua macho zaidi ni ukubwa wa poti, na hili sikuwahi kusikia mtu akilieleza. Tuseme nimelimpu, akabaki blaindi kubwa peke yake. Poti ni senti 5. Nikiweka hela sawa na poti, naye akinifuata kila mara, kwenye flopu, kwenye karata ya nne na kwenye ya tano, naweka 5, halafu 15, halafu 45. Jumla senti 65. Zaidi ya nusu ya hela yangu imebaki pembeni, na nimeshika karata bora kuliko zote. Sasa tuseme nimepandisha hadi senti 6, batani, yule anayeamua wa mwisho baada ya flopu, akanifuata, blaindi zikatupa. Poti ni 15. Naweka 15, 45, 135. Jumla ni 195, na mbele yangu nilikuwa na 194. Zile senti 4 za ziada mwanzoni ndizo zinazoamua kama dola nzima ya mwenzako inaingia au haiingii.

Halafu kuna makato. Tovuti ninayochezea inakata asilimia 5 ya poti iliyofika flopu. Poti iliyokwisha kabla ya flopu haikatwi, na ndivyo ilivyo sehemu nyingi. Anayelimpu analipia makato kila mara. Anayepandisha wakati mwingine anachukua zile senti 3 za blaindi hapohapo, nzima. Siyo bure, lakini: ukiweka 6 kuchukua 3, wote wanapaswa kutupa mara mbili kati ya tatu ili usipate hasara kwa hilo peke yake. Ukiweka 5, inatosha wakitupa kama mara 62 au 63 katika 100. Ndiyo maana nikiwa kwenye batani, ambako wamebaki wawili tu wa kunijibu, napandisha hadi senti 5, na viti vya mbele, vile vinavyoamua mapema, napandisha hadi 6.

Nikajiwekea sharti moja: hakuna aliyeingia kabla yangu, napandisha au natupa. Akiwapo aliyelimpu, na karata zangu ni nzuri, naongeza senti 2 juu ya zile 6 kwa kila mmoja wao. Viti vya mbele nacheza kama mkono mmoja kati ya sita, kwenye batani karibu nusu ya mikono.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea. Kutupa K-9 mara kumi mfululizo kunachosha mtu aliyezoea kuwamo. Na kupandisha kulinitisha: moyo unadunda kwa senti 6. Unapandisha na A-K, watatu wanakufuata, kwa maana meza hizi watu hawapendi kutupa, flopu inakuja 8-7-5, na wewe huna kitu. Mikono elfu tatu ya mwanzo nilipoteza zaidi ya zamani. Nilikuwa tayari kurudia kulimpu.

Programu ndiyo iliyoniokoa hapo. Niliiuliza hela inatokea wapi, ikanionyesha kwamba kupandisha kwenyewe kulikuwa kunaleta faida. Nilikuwa naimwaga baadaye, kwa kuendelea kuweka hela mbele ya watu watatu nikiwa mikono mitupu. Ukibaki na mtu mmoja, kuweka hela kwenye flopu kunamtoa mara nyingi. Wakiwa watatu, kuna mmoja aliyegusa kitu. Bila kuzitenganisha hali hizo mbili ningesema kupandisha hakufai kwa meza za chini, na nimewasikia wengi wakisema hivyo.

Sasa ni mwezi wa nne, mikono elfu 11, namba zangu ni 23 na 18. Nipo juu ya sifuri kidogo. Mikono elfu 11 ni michache mno katika poka kumthibitishia mtu faida, na sitaki mtu anunue chochote akidhani nimetajirika. Ninachokiona bila shaka ni mstari mwekundu wa grafu, ule wa hela ya mikono inayokwisha bila karata kuonyeshwa. Zamani ulikuwa unaporomoka, leo unakwenda karibu sawa na sakafu.

Nimejiuliza sana kwa nini kulimpu kulinikaa hivyo, na nadhani ni arubastini. Sisi tumekua tukicheza arubastini barazani, na mchezaji anayesifiwa ni yule anayeifungia turufu mpaka mwisho, aitoe pale ambapo wote wameishiwa. Mkono wangu ulijua kuficha kabla haujajua kitu kingine. Poka haina kitu cha kufungia. Karata tano zitakazokaa mezani ni za wote, na kila mtu unayemruhusu kuziona kwa bei nafuu ana nafasi yake ndani yake.

Jambo hili limeshajaribiwa na mashine pia. Mwaka 2019 watafiti Noam Brown na Tuomas Sandholm walitoa katika jarida la Science kazi yao juu ya Pluribus, programu iliyowashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Pluribus ilijifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe. Mwanzoni ililimpu. Kadiri ilivyoendelea ikaacha, viti vyote, isipokuwa blaindi ndogo, ambaye tayari nusu ya bei imo kwenye poti. Niliposoma hilo nilitulia. Hakuna aliyeiambia ile mashine kwamba kulimpu ni aibu. Iligundua kwa kupoteza, kama mimi, ila kwa haraka zaidi.

Kulimpu nyuma ya waliokwisha kulimpu bado nakufanya, na jozi ndogo: 4-4, wawili wameingia, mimi ni batani. Kupata 4 ya tatu kwenye flopu ni kama mara 12 katika 100, na nikiipata kuna watu wa kunilipa.

Malalamiko yangu juu ya programu ni matatu. Inaijaza kompyuta ya zamani mpaka meza zenyewe zinakwama. Maelezo yake yameandikwa kwa mtu anayejua tayari. Ilinibidi rafiki yangu anieleze nusu ya vichujio. La tatu ndilo zito: inaweka namba juu ya jina la kila mchezaji mezani hata kama umecheza naye mikono 20 tu, nami nilimwamini mtu kuwa anapandisha ovyo kwa namba ya mikono 20, nikampa dola 2. Siku hizi siangalii mpaka ipite mikono mia kadhaa. Tena soma masharti ya tovuti yako kwanza, kwa sababu zipo zinazokataza kabisa programu hizi wakati wa kucheza.

Na hii ni kamari, tusiite vingine. Kaka yangu Tanga anasema ni haramu na sibishani naye. Mimi nimefunga kikomo cha pauni 20 kwa mwezi kwenye akaunti. Hapa Uingereza tangu Aprili 2020 huruhusiwi kucheza kamari kwa kadi ya mkopo, na kuna GAMSTOP, unakojifungia mwenyewe nje ya tovuti zote zenye leseni ya nchi hii. Ukiona unapandisha kwa hasira ya mkono uliopita, jifungie huko leo, achana na mambo ya kulimpu na kupandisha.

Kilichobaki kwangu ni blaindi ndogo. Wote wametupa, tumebaki mimi na blaindi kubwa, na nikiongeza senti 1 tu naiona flopu. Mashine inasema hapo kulimpu kunakubalika. Shida ni kwamba ukilimpu na karata dhaifu peke yake, mwenzako anakupandishia kila mara; lazima uchanganye na nzuri, hata ree mbili, zile zile nilizokuwa nazificha vibaya. Nimechuja mikono 312 ya namna hiyo tangu nianze. Rafiki yangu anakuja Jumapili baada ya zamu, tuipitie mmoja mmoja.