TAHADHARI: Spea za pikipiki nusu bei mtandaoni, unatuma hela na mzigo haufiki

Ndugu zangu wa bodaboda, na yeyote anayeagiza spea mtandaoni akiwa mkoani, someni hili kabla hamjatuma hela.

Kuna ukurasa unazunguka Instagram na Facebook, unajitambulisha kuwa duka la Kariakoo la jumla na rejareja. Tairi, seti za cheni, plagi, helmeti, taa, vyote nusu ya bei ya dukani. Hapa Iringa wameshawapiga vijana wa kijiwe chetu, watu wanaodaiwa hesabu na bosi kila jioni, na hela waliyotuma walikuwa wameidunduliza.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Unauliza bei, muuzaji anajibu haraka na kwa heshima zote. Anataka ulipe yote leo, kwa madai kwamba ofa inaisha na basi linaondoka usiku. Ukishatuma, anakurushia picha ya risiti ya mzigo yenye jina lako na jina la basi. Kesho yake unakwenda stendi ya Igumbilo, wanatafuta wee, mzigo hakuna. Ukimpigia anapokea vizuri tu: mzigo umekwama stendi ya Magufuli kule Dar, ongeza elfu ishirini uachiwe. Hapo ndipo wengi wanapigwa mara ya pili, kwa sababu mtu hataki kukubali kwamba ile ya kwanza imekwenda. Ukikataa kuongeza, humpati tena hewani.

Bei nafuu yenyewe si kosa. Zipo spea za Kichina za bei ya chini na zinatembea. Cha kuangalia kwanza ni hela inakwenda kwa nani. Simu inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, lisome. Ukurasa unajiita duka fulani, hela inaingia kwa jina la mtu asiyehusika, na ukiuliza unaambiwa "huyo ni mhasibu wetu"? Ghairi hapo hapo. Kisha chungulia historia ya ukurasa. Facebook inaonyesha ulifunguliwa lini na uliwahi kuitwa nani, na Instagram nayo ina sehemu ya kuhusu akaunti. Duka linalodai lina miaka kumi sokoni, ukurasa wake mwanzo ulikuwa wa vichekesho au wa nywele bandia, hilo si duka. Na ukikuta maoni yamefungwa, jiulize kwa nini muuzaji hataki wateja wake wasikike.

Mwombe akupigie simu ya video akiwa dukani, ashike tairi unayoitaka na akusogezee ubavu wake. Tafuta maandishi ya DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji wa kweli hachukui hata dakika mbili kukuonyesha. Tapeli atakwambia kamera imeharibika.

Mimi ni fundi, na kinachoniumiza zaidi ni mizigo inayofika ikiwa feki au isiyoingia kwenye pikipiki. Cheni ya saizi ya 420 na ya 428 zina nafasi sawa kati ya pini na pini, kwa hiyo kwenye picha huwezi kuzitofautisha. Lakini 420 ni nyembamba, haikai kwenye sproketi ya 428 ambayo pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinatumia. Soma namba iliyogongwa kwenye cheni yako ya zamani kabla hujaagiza. Breki feki ni mbaya kuliko cheni: kitambaa kimebandikwa kwa gundi hafifu, kikipata moto kinabanduka ndani ya habu, na gurudumu linaweza kujifunga ukiwa kwenye mteremko na abiria nyuma. Tunaoishi na mteremko wa Kitonga tunajua maana yake.

Helmeti nayo usinunue kwa rangi. Ndani lazima kuwe na povu gumu chini ya kitambaa. Ukibonyeza ukakuta sponji laini tupu, hiyo ni kofia ya kukwepa faini ya trafiki, haitakusaidia kichwa kikigonga lami. Zenye viwango vya Ulaya zina lebo iliyoshonwa kwenye mkanda, yenye herufi E ndani ya duara na namba zinazoanza na 05 au 06. Lebo ya kubandika kwa nje mtu yeyote anaichapisha.

Kama una ndugu au rafiki Dar, mtume aende dukani, akague, alipe, na yeye mwenyewe aukabidhi mzigo kwenye basi. Utampa nauli na bado utalala usingizi. Kama huna, agiza kupitia duka la mjini kwako hata likiongeza kidogo. Likikuletea feki, unajua pa kuirudisha.

Aliyekwisha kutuma, asikae kumbembeleza tapeli. Piga 100 ya mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, maana hela ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni shida. Ripoti namba ya tapeli kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Kisha nenda polisi ukafungue RB (namba ya taarifa yako kituoni), ukiwa na meseji ya muamala, picha ya ukurasa na ile risiti ya uongo. Najua hasira inavyowaka, lakini usifute mazungumzo yenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na huo ndio ushahidi wako.