Uzoefu wangu: darasa la uchoraji wa njozi Mbeya na mkono wangu wa kushoto

Nilikusudia kuandika kwa utulivu kuhusu darasa la uchoraji ninalohudhuria hapa Mbeya (au nililokuwa nikihudhuria, maana bado sijaamua), lakini kila nikianza nakumbuka jambo moja, na utulivu wote unaniishia.

Kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka pale Mwanjelwa. Nilijiunga na darasa hilo miezi kadhaa iliyopita kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchora kuku wa kukaanga na simu za mkononi. Nilitamani kuchora majoka, hasa lile la ziwa Ngosi ambalo bibi alitusimulia kuwa ndilo linalobadilisha rangi ya maji. Ukutani mwa darasa kumebandikwa nakala ya mchoro wa Frank Frazetta, yule Mmarekani wa mashujaa wenye misuli na mashoka, na pembeni yake kazi za Arthur Rackham wa Uingereza, ambaye matawi ya miti yake hujikunja kama vidole vya kizee. Nilipoziona, nililipa ada yote siku hiyohiyo bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo wanaonifahamu hawatalisadiki.

Wiki za mwanzo sina lalamiko. Tulijifunza kufanya kama Rackham: kuchora kwanza kwa penseli, kupitia mistari kwa wino, kisha kupaka rangi za maji nyepesi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiriwa ikauke. Kwa baridi ya Mbeya, tabaka moja likikauka chai nayo imekwisha kikombeni.

Balaa lilianzia kwenye wino. Mimi ni mashoto. Kwenye bango sipati shida, kwa kuwa natumia brashi na fimbo ya kuegemeza mkono, na kiganja hakigusi rangi. Lakini kalamu ya nibu juu ya karatasi ni jambo jingine, maana mkono wa kushoto ukitoka kushoto kwenda kulia hupita juu ya mstari ulioutangulia kabla haujakauka. Mwalimu akasimama nyuma yangu, akalitazama doa lililoburuzika kutoka shingoni mwa joka langu hadi ukingoni mwa karatasi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Dada, huo ni mkono wa chooni. Hamishia kalamu kulia, au ukauze nyanya." Kisha akaichomoa kalamu mkononi mwangu na kuipachika katika mkono wa kulia, kama nilivyofanyiwa nikiwa darasa la kwanza. Wenzangu walicheka.

Mchoro wa Frazetta ulikuwa juu ya kichwa chake wakati huo. Frazetta huyo, baada ya kupatwa na kiharusi uzeeni na mkono wake wa kulia kudhoofika, alijifunza upya kuchora kwa mkono wa kushoto. Nalijua hilo kwa sababu mwalimu huyuhuyu ndiye aliyetusimulia, tena kwa sauti ya mhubiri, akitutaka tusikate tamaa. Kumbe mkono wa kushoto ni ushujaa ukiwa wa Mmarekani, na ni uchafu ukiwa wangu.

Dawa yenyewe alinipa kijana wa dawati la nyuma wakati tukitoka: weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, na anza na mistari ya upande wa kulia. Ushauri huo haukuchukua hata dakika moja. Mwalimu hakuwa nao, au hakuona kuwa ninastahili kupewa.

Nilitaka kuwaambia msikanyage pale. Hata hivyo, juzi mteja mmoja alisimama mbele ya bango langu jipya akauliza ni nani aliyemchora kuku mwenye kivuli kama wa kweli, na kivuli hicho sikukitoa kwingine ila kwa mwalimu huyo. Basi nendeni, kama mnatumia mkono wa kulia. Mashoto wenzangu, hapana; au nendeni, lakini msikubali kunyang'anywa kalamu. Nilimwandikia nikidai nusu ya ada. Alijibu kwa maneno mawili, "Ada hairudishwi," na pole hakuniambia.

Joka langu liko kwake mpaka leo. Nasikia amelibandika chini ya Frazetta, na nilipochungulia dirishani nikaona kwamba lile doa amelipitia kwa brashi akaligeuza kuwa moshi unaotoka shingoni. Moshi wenyewe umetoka vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.