Boksi la kutengeneza protini bila bakteria, nimelitumia Kampala, maoni yangu haya

Kusema kweli nililinunua kwa hasira. Miezi minne nahangaika na holini, ile protini ya virusi vinavyoshambulia bakteria, kazi yake ni kutoboa utando wa bakteria kutoka ndani ili virusi vitoke, sasa wewe unamwambia E. coli, bakteria wa kawaida wa maabara, akutengenezee kitu cha kumtoboa tumbo lake mwenyewe, unategemea nini? Ukiwasha jeni tu, baada ya muda chupa iliyokuwa na ukungu mzito inageuka maji maji, wamekufa wote.

Kwenye boksi hili hakuna wa kufa. Ni supu ya E. coli waliosagwa, ribosomu (mashine za seli za kuunda protini) na vimeng'enya bado vinapiga kazi, unaongeza amino asidi 20, ATP na GTP za kutoa nguvu, na DNA yako yenye jeni, unaweka nyuzi 30 unaenda kula rolex yako (chapati ya mayai). Ujanja wenyewe wa zamani, wanasayansi Nirenberg na Matthaei walitumia supu kama hii 1961 walipoanza kusoma msimbo wa jeni.

Mara ya kwanza nikapata sifuri. Jeli ya kupimia protini haina mstari hata mmoja, nikaanza kumtukana wakala aliyeniuzia, kumbe kosa langu: plasmidi, ile duara ya DNA inayobeba jeni, nilisafisha kwa njia ya kawaida ambayo inaweka RNase (kimeng'enya kinachokata RNA) kwenye bafa, yaani maji ya dawa, hiyo ikala RNA yote, ile nakala ya jeni ambayo ribosomu husoma. Safisha tena DNA jamani, msifanye uvivu. Halafu magneziamu, usiamini kile kikaratasi, jaribu mwenyewe, sisi tulianzia milimola 8 na ya 12 ndo ikatoa mstari mnene. Na kwa vile holini inapenda mafuta tuliweka sabuni ya Brij humo humo, bila hivyo inaganda chini kama uji wa jana.

Kinachonifurahisha zaidi ni NMR, kile kipimo cha sumaku cha kuona umbo la protini. Ukiweka amino asidi zenye naitrojeni 15, aina nzito ya naitrojeni ambayo kipimo kinaiona, alama inaingia kwenye protini yako peke yake maana hakuna kingine kinachotengenezwa, huhitaji kulisha lita nzima ya bakteria vitu vya bei mbaya. Ila kwenye kichupa kidogo kazi inaisha baada ya saa chache, nguvu inakwisha na uchafu unajaa, ukitaka miligramu nunua ile yenye utando wa kubadilishana bafa, inakwenda usiku kucha (umeme ukikubali, sisi tulilala na jenereta).

Kama protini yako ya sumu inakata RNA au inaziba ribosomu, usitupe hela, itaua supu pia.

Usafiri ndo balaa. Mzigo wangu wa pili ulifika Entebbe Ijumaa jioni, Jumatatu naufungua barafu kavu yote imeyeyuka hewani, supu iko vuguvugu, walinirudishia nusu ya hela baada ya kusumbuana wiki tatu. Sasa naagiza ya unga iliyokaushwa, inatoa kidogo kuliko ile ya friza lakini inafika nzima.