Darasa la mazoezi ya majini Msasani: linawafaa nani kati ya wenye maradhi ya kinga?

Hoteli moja ya ukubwa wa wastani upande wa Msasani, jijini Dar es Salaam, hukodisha bwawa lake asubuhi mbili kwa wiki kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayeendesha mazoezi mepesi ya majini kwa watu wanaoishi na maradhi sugu ya kinga ya mwili, yaani yale ambayo kinga iliyopaswa kupambana na vijidudu huugeukia mwili wenyewe na kuushambulia. Mimi nina baridi yabisi ya aina hiyo, ile inayoshambulia utando wa ndani wa viungo, si ile ya magoti kulika kwa umri. Nimehudhuria kwa muda wa kutosha kuweza kusema kwamba mafundisho ni bora kuliko bwawa lenyewe, na kwamba ubora huo hauwafikii wagonjwa wote kwa kiwango kimoja.

Kabla ya kuingia majini, mgeni huketi na mwalimu na kuulizwa maswali ambayo hata baadhi ya zahanati huyaruka: anatumia dawa gani na kwa kipimo gani, ana kidonda chochote kilicho wazi, moyo, mapafu au figo zimewahi kuguswa na ugonjwa, vidole vyake hubadilika rangi na kufa ganzi akishika kitu cha baridi, na je, juma hilo ugonjwa umecharuka. Maswali haya yana kazi. Aliyetumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa miaka mingi huenda akawa na ngozi nyepesi na mifupa dhaifu, kwa hiyo kuteleza kwake si jambo dogo. Aliyeguswa moyo au mapafu anahitaji idhini ya daktari wake, kwa sababu maji yanapomzunguka mtu hadi kifuani huisukuma damu ya miguuni irudi juu na kuuongezea moyo kazi. Mama mmoja aliyefika na homa, magoti yamevimba, aliambiwa kwa upole, "Shikamoo mama, leo maji tusiyaguse, tangulia kwa daktari kwanza," na ada aliyokwisha kulipa ikahamishiwa darasa lililofuata bila mabishano. Hapo ndipo nilipoanza kuliamini darasa hili.

Mazoezi yenyewe huchukua dakika 45. Huanza kwa kutembea katika maji ya kiunoni, mbele, nyuma na ubavu, kisha kundi husogea taratibu mahali ambapo maji hufika kifuani. Mpangilio huo unafuata hesabu rahisi ya uzito: maji yakifika kiunoni, miguu hubeba takriban nusu tu ya uzito wa mwili, na yakifika kifuani mzigo hushuka hadi karibu robo au theluthi, kutegemea umbo la mtu. Mwenye kilo 80 anayelia kila anapopanda ngazi za nyumbani kwake hujikuta anapiga hatua kwa magoti yanayobeba kilo 25 hivi. Msukumo wa maji pia hubana vifundo vya miguu vilivyovimba kwa namna ambayo soksi za hospitalini hazijawahi kunifanyia, ingawa athari yake ya mara moja ni foleni ya chooni baada ya darasa, jambo ambalo mwalimu hulitaja mapema bila haya.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyotumia ukinzani wa maji. Maji hayana uzito wa kuongeza kama vyuma vya jimu. Ugumu wake hutokana na kasi, na ukiongeza kasi ya mkono mara mbili, ukinzani huongezeka takriban mara nne. Kwa hiyo watu wa hali tofauti wanaweza kufanya zoezi moja kwa pamoja, kila mmoja akichagua uzito wake kwa kupunguza au kuongeza mwendo, na kwa kukata maji kwa ukingo wa kiganja au kuyasukuma kwa kiganja kilichofunguliwa. Katika madarasa ya kawaida ya hotelini, wale wanaoruka kwa muziki, kila mtu hupewa vinyanyuo vya povu avishike kwa nguvu. Kwa vidole vyangu, kushika hivyo kwa dakika kumi ni siku mbili za maumivu. Hapa vinyanyuo vimewekwa pembeni kwa wenye mikono migonjwa. Mwalimu hupita majini kati yetu badala ya kupiga filimbi ukingoni, na neno lake la mara kwa mara ni "punguza". Kipimo anachotuwekea ni kwamba maumivu yaliyozidi ya kawaida na yakaendelea kwa zaidi ya saa mbili baada ya zoezi yana maana kwamba zoezi lilizidi, na juma linalofuata hurekebisha.

Je, kuna ushahidi kwamba haya yanafaa kuliko kufanya mazoezi nchi kavu? Upo, ila ni wa kiasi. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 1996 uliwagawa wagonjwa 139 wa baridi yabisi ya kinga katika makundi ya mazoezi ya majini, kukaa tu majini, mazoezi ya nchi kavu na mafunzo ya kutuliza mwili, kila kundi dakika 30 mara mbili kwa wiki kwa majuma manne. Makundi yote yalipata nafuu. Waliofanya mazoezi majini waliwazidi wenzao hasa katika kupungua kwa maumivu ya viungo vinapobonyezwa. Hayo ni mafanikio ya kweli, lakini hayazuii ugonjwa kuendelea kula viungo. Kazi hiyo ni ya dawa, na mwalimu wetu, kwa sifa yake, hajawahi kumshawishi mtu aache vidonge.

Sasa bwawa. Halipashwi joto, na hili ndilo lalamiko langu kubwa. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia wagonjwa wa viungo, Arthritis Foundation, hupendekeza maji ya nyuzi 28 hadi 31 za Selsiasi kwa mazoezi ya aina hii. Kuanzia Novemba hadi Aprili jua la Dar es Salaam huifanya kazi hiyo bure, lakini asubuhi za Julai maji huwa ya baridi kiasi kwamba misuli hujikunja badala ya kulegea, na mwenzetu mwenye hali ya Raynaud, ile ya mishipa ya vidole kujibana kwa baridi, hutoka na vidole vyeupe. (Wasomaji wa Nairobi, walio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wasijaribu kabisa bwawa lisilopashwa joto msimu huo.) Wakati huohuo, maji hayohayo yanayoniumiza Julai humfaa kijana mwenye maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga hushambulia utando unaofunika neva, kwa kuwa neva zilizopoteza utando wake hupitisha ujumbe vibaya zaidi mwili unapopata joto, na dalili za kuzidi huko daktari wa macho Mjerumani Wilhelm Uhthoff alizieleza tangu mwaka 1890. Kijana huyo hupotea Februari na kurudi Juni.

Saa ya darasa nayo ina ugomvi wake. Saa moja na nusu asubuhi ni wakati ambao wenye baridi yabisi bado tumekakamaa, na wengine kati yetu huamka saa kumi na moja ili viungo vianze kufunguka. Ukilisogeza hadi saa nne, wenye lupasi, ugonjwa wa kinga unaoweza kushambulia ngozi, viungo na figo, watakuwa chini ya jua kali ambalo linaweza kuuamsha ugonjwa wao, tena jua linalorudishwa na uso wa maji, na bwawa halina paa. Saa kumi na moja jioni ingetufaa wengi, maji yakiwa yamepashwa na jua la mchana kutwa, ila wakati huo hoteli hulihifadhi bwawa kwa wageni wake.

Usafi ni wa kuridhisha. Mhudumu wa bwawa hukubali kuonyesha daftari la vipimo, na mara zote nilipoliomba klorini ilikuwa kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8, viwango ambavyo mtu anayetumia dawa za kupunguza kinga anapaswa kuvidai popote. Hakuna ile harufu kali ambayo wengi huidhania kuwa dalili ya usafi, ilhali hutokana na klorini iliyokutana na jasho na mkojo. Kuoga kabla ya kuingia ni lazima. Mwenye ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga hukausha macho na kinywa, aje na miwani ya kuogelea na matone yake ya macho.

Njia ya kuingilia ni ngazi ya chuma iliyosimama wima, na kwa mwenye vidole vilivyopinda, kupanda kutoka majini ndiyo sehemu ngumu kuliko mazoezi yote, kwani uzito wote wa mwili humrudia kwa mkupuo. Ngazi pana za saruji zenye mkono wa kushikilia zingeondoa hofu hiyo. Vyumba vya kubadilishia nguo vina vigae vinavyoteleza. Kwa upande wa stara, moja ya asubuhi hizo mbili ni ya wanawake pekee, na wanaotaka kufunika mwili wote wavae vazi la kuogelea la kitambaa chepesi, kwa sababu pamba huvuta maji, humlemea mvaaji na kumwachia baridi anapotoka.

Ada ni shilingi 20,000 kwa darasa, au 140,000 kwa madarasa manane, na bima yangu hailipi chochote. Kwa mwenye baridi yabisi iliyotulia kwa dawa, ninalipendekeza bila kusita, isipokuwa majuma ya baridi. Mwenye lupasi asubiri hadi turubai lililoahidiwa juu ya upande wa kina kifupi lifungwe, na apige simu kuhakikisha kabla ya kulipia mwezi mzima.