Fundi umeme wa Makole: Passo yangu imenyamaza

Kama una gari la Japani na kila ukiwasha kuna dada anaongea kutoka chini ya usukani, mtafute fundi umeme aliyepo Makole, Dodoma, nyuma ya maduka ya spea.

Langu lilikuwa na wimbo mmoja: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen." Mama mkwe alikuwa anaitikia amina. Jirani yangu Nkuhungu aliapa ni mkanda. Gereji moja wakasema gari linadai oili. Wakabadilisha, hela wakala, dada akaendelea.

Huyu wa Makole hakubahatisha. Alisukuma kiti nyuma, akalala chali na simu inamulika, akatoka na kikasha cheusi chenye mdomo wa kadi. Akakisikilizisha kwenye programu ya tafsiri: kadi ya ETC haijachomekwa. Basi! Na "imasen" ni namna yao ya kukanusha kwa heshima, kwa hiyo muda wote huo tulikuwa tunaombwa kistaarabu.

ETC ni malipo ya barabara za kulipia kule Japani, yalianza kutumika nchi nzima mwaka 2001. Unakaribia geti polepole, kilomita 20 kwa saa au chini ya hapo, geti linawasiliana na kikasha kwa mawimbi ya redio, kizuizi kinainuka, deni linaenda kwa mwenye kadi. Kadi inachomoka, na wengi huitoa wakishuka isije ikaibwa, ndiyo maana ukiwasha unakumbushwa. Mwenye gari kabaki na kadi yake, kikasha kikapanda meli. Hapa Dodoma, zunguka hata ring road nzima, utamlipa nani?

Nilichompendea: hakukata waya. Alichomoa soketi, akaizungushia tepu, kikasha akanikabidhi. Wapo wanaokata hovyo, kesho redio nayo imekufa. Alianzia elfu ishirini na tano, tukamalizana kwa kumi na tano.

Kasoro zipo. "Nusu saa tu dada yangu" ilifika adhuhuri, kivuli hakuna, na vumbi la Dodoma mnalijua. Kifuniko cha chini ya usukani kimerudi na skrubu pungufu, kila tuta kinagonga. Nimempigia, kasema nipite atafunga bure.

Nampa nyota nne. Wahi kabla ya saa tatu, na usimwachie funguo akienda kula.