Fomula ya INDIRECT ya Excel: tamu ila ina mambo yake

Kama una shiti 12, moja kila mwezi, hii kitu inaokoa aisee, inageuza maandishi kuwa anwani ya seli. Unaandika jina la shiti kwenye A1 halafu =SUM(INDIRECT(A1&"!B2:B50")), ukibadilisha Januari kuwa Machi jumla inageuka yenyewe, fomula huigusi tena. Sasa shida, ile B2:B50 ni maandishi tu, ukiingiza mstari juu yake haisogei, unapata jumla ya uongo na wala haikwambii. Halafu inapiga hesabu upya kila ukibadilisha kitu, faili likijaa linakuwa zito balaa. Jina la shiti likiwa na nafasi lizungushie alama za ' ndani ya fomula, yaani "'"&A1&"'!B2:B50", hapo palinitoa jasho. Data ikiwa shiti moja mi natumia INDEX tu (inachukua thamani kwa namba ya mstari na safu), nyepesi.