Ramani ya Australia ya 1663 ya kuweka ukutani: nusu nchi, bei nzima

Nimekaa na hii printi wiki tatu ndo naandika, maana ningeandika siku ile ya kwanza ningetukana tu. Ni nakala ya ramani aliyoitoa Melchisédech Thévenot kule Paris mwaka 1663, Mfaransa aliyenakili kazi za Waholanzi, inaonyesha Australia enzi hizo haijaitwa Australia. Saizi A2, karatasi nzito isiyong'aa, 65,000 bila fremu na usafiri juu yako. Duka silitaji, lipo mtandaoni tu.

Sasa oda ya kwanza ilikuwa vituko. Kwenye ramani yenyewe pwani ya mashariki haipo kabisa, ni peupe, mstari unatembea vizuri magharibi na kaskazini halafu unakata. Dizaina wao kaona pamepwaya, kabandika meli ya matanga na dira kubwa ya dhahabu, yaani kafunika kile kitu nilichonunulia! Na kwenye tangazo wameandika ni ramani ya James Cook, yule nahodha Mwingereza, wakati Cook kazaliwa 1728, alichora vipi sijui. Nikawatumia meseji, wakabisha siku mbili, ya tatu wakakubali kubadilisha, nauli ya kurudisha nikalipa mimi.

Ya pili iko poa, hapo nasema ukweli. Ukiisogelea na tochi ya simu unasoma majina yaliyopangwa pwani yote ya magharibi. 't Landt van d'Eendracht, hiyo Eendracht ni meli ya Dirk Hartog aliyefika 1616, maana yake umoja. Chini kidogo kuna nchi ya Leeuwin, meli nyingine iliyopita 1622, maana yake simba jike. Nchi za watu zimepewa majina ya meli utadhani ubavuni mwa daladala, na wenyeji walikuwepo hapo makumi ya maelfu ya miaka na majina yao, hakuna aliyewauliza.

Na kwa nini magharibi pamejaa hivyo ndo nimepapenda zaidi. Waholanzi walikuwa wanaenda Java, kisiwa cha Indonesia ya leo, kufuata viungo, na kuanzia 1611 wakagundua kwamba ukishapita Rasi ya Tumaini Jema usikate kaskazini, shuka kwenye zile pepo kali za kusini zikusukume mashariki halafu ndo upinde kaskazini. Tatizo wakati ule hakukuwa na njia ya uhakika ya kujua umeenda mashariki umbali gani, kwa hiyo nahodha akichelewa kupinda anajikuta mbele yake kuna nchi, wengine wanaiona usiku imeshakuwa mwamba, kama ile meli yao Batavia iliyovunjika 1629. Kwa hiyo pwani ile sehemu kubwa imechorwa na watu waliopitiliza kituo.

Mashariki hapakuwa njia ya mtu. Nahodha Mholanzi Abel Tasman alipita kusini kabisa 1642, ndo maana kisiwa cha Tasmania kipo kipande cha chini tu kinaelea, na New Zealand ni kamstari ka upande mmoja. Akarudi 1644 akafuata pwani ya kaskazini, na mwaka huo umeandikwa katikati ya bara, upande mmoja Hollandia Nova (Uholanzi Mpya), mwingine Terre Australe (nchi ya kusini). Ule weupe ukakaa hivyo zaidi ya miaka mia, mpaka Cook alipokuja kuifuata pwani ile 1770.

Kasoro za hii ya pili: wamekata ukingo wa kulia kama sentimita moja, na herufi ndogo za ghuba ya Carpentaria zimevimba kidogo, inaonekana faili lao dogo wamelivuta. Ukiitaka A1 usithubutu. Rangi ya ugoro waliyoongeza ili ionekane ya kale mi siipendi ila inavumilika. Nyota tatu na nusu, ile nusu ni ya karatasi.

Fundi wa fremu naye kanichekesha, kaitandika mezani akaishika pale peupe akasema, "Kaka, hawa wino uliwaishia, nikukatie hapa tubane fremu ndogo?" Nikamwambia acha kama ilivyo. Mkiagiza, waandikieni kabisa kwenye oda: bila meli, bila dira, msijaze kitu.